Kurunzi Yupo Mbele

Nyie vijana mnaoendesha magari ya kukodi pale Nyakato, hapa Musoma, najua mnanicheka. Nikipanda na nyie kama abiria, nikasikia mnamweleza mgeni jambo, nasubiri mmalize, halafu namgeukia mgeni namweleza upya kwa maneno mengine. Mnasema mzee Mafuru amezeeka, anarudiarudia. Inawezekana. Lakini kuna sababu, na nimeona niiandike kabla sijaisahau. Shule yangu iliishia la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Mkikuta sentensi imepinda, nyoosheni wenyewe.

Aliyenifundisha kazi ya kubeba wageni alikuwa marehemu mzee Masatu. Gari alinifundisha kidogo, watu ndio alinifundisha sana. Alikuwaga anasema mgeni anashika neno kwa mikono miwili, halipindi. Sikumwelewa mpaka siku mgeni mmoja kutoka Korea alipopotea. Alikuwa amelala nyumba ya wageni huku kwetu Kitaji, asubuhi akamuuliza mlinzi kama Mwitongo, kule Butiama, ni mbali. Mlinzi akamjibu, "Aah, hapo tu." Yule bwana akafunga kamba za viatu akaondoka kwa miguu. Mchana tukamkuta kando ya barabara ya Butiama, amekalishwa kwenye kigoda na akina mama waliokuwa wanaanika mahindi, anakunywa uji. Hakuwa na hasira hata chembe. Aliniuliza tu, kwa upole kabisa, "hapo" ya huku ina urefu gani.

Jambo la pili alilonifundisha Masatu ni taa. Mnaijua. Gari linalokuja mbele likikuwashia taa mara mbili mchana kweupe, punguza mwendo, trafiki wapo. Enzi zetu trafiki alikuwa anakuona kwa macho, anakuandikia kwa kalamu, mnabishana kidogo, basi. Siku hizi kuna ile tochi, ile mashine ya kupima mwendo ambayo afande anaishika kama anapiga picha ya harusi. Ikikupiga, picha yako na mwendo wako vinakwenda kwa mwenzake wa mbele, naye anakusimamisha. Usiposimama, deni linaingia kwenye namba ya gari, linakaa huko linakusubiri.

Na hapo ndipo anapoingia Mama Halina.

Alikuwa mama wa makamo kutoka Poland, mrefu, nywele nyeupe, mpole. Kiswahili alijifunza huko kwao kwa vitabu, na nawaambia kweli, kilikuwa Kiswahili kilichopigwa pasi. Sisi huku tunaunganisha maneno tunavyojaliwa, kila mtu na lugha ya kwao imemkaa mdomoni. Yeye kila neno alilivalisha nguo zake. Tulikuwa tunaona aibu kuongea mbele yake.

Alikuja kusimamia ubatizo. Alikuwa na rafiki yake wa kuandikiana miaka mingi, Mama Bhoke wa Butiama, na huyo Mama Bhoke alipata mjukuu wa kike. Wakakubaliana mtoto aitwe Halina, na Halina mwenyewe awe mama wa ubatizo. Ubatizo ulikuwa Jumapili. Ila katekista wa kule alikuwa na sharti moja: wasimamizi wote wahudhurie mafundisho Jumamosi saa tisa alasiri. Atakayekosa, Jumapili hasimami. Wala hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alishamkatalia diwani.

Mama Halina akakodi gari kwa bosi wangu, Manyama, la kuendesha mwenyewe. Akaenda nalo Mwanza kuchukua zawadi za mtoto, akarudi. Ijumaa asubuhi niko chini ya gari jingine nafungua oili, nikamsikia bosi anamwambia, "Mama, samahani. Umepigwa tochi Bunda. Deni linasoma hapa kwenye simu. Inabidi ulipe."

Nikamsikia mama, "Nimepigwa mimi, na nilipe mimi?"

"Ndiyo mama. Aliyepigwa ndiye analipa."

"Na yule aliyenipiga?"

"Yule yuko kazini."

Mimi kule chini nilicheka, nikajua mama anatania. Bosi naye alijua anatania. Nataka niwe wa haki kwa Manyama: hakusema uongo hata neno moja. Akaongeza tu kwamba gari lake haliendi Butiama na deni, maana likikamatwa njiani yeye ndiye atakayelitafuta, na mama akishavuka mpaka pale Sirari, nani atamfuata? Hapo pia alikuwa na haki.

Mama Halina akachukua pikipiki, akaenda kituo cha polisi kuulizia habari hiyo ya kupigwa. Kituo gani sitasema, maana hawakukosea kitu. Haya yaliyotokea kule nimesimuliwa na yeye, na baadaye na afande wa kaunta, na yanalingana.

Kitabuni kwake, tochi inaitwa kurunzi. Nyie mliosoma labda mnalijua neno hilo. Sisi hatukulijua. Huku kwetu ukimwambia mtu "kurunzi" atakuuliza ni wa ukoo gani. Mama Halina, kwa heshima ya serikali, hakutaka kutumia neno la mtaani. Akasimama kaunta akasema:

"Shikamoo afande. Nimearifiwa ya kwamba nilipigwa kurunzi nikiwa njiani, kule Bunda."

"Marahaba mama, pole sana. Ulipigwa na Kurunzi?"

"Naam."

"Huyu Kurunzi ulimuona?"

Sasa hapa sikilizeni. Mama Halina alisikia kabisa "ulimuona." Alijua kitabuni ni "uliiona." Lakini alikuwa ameshaambiwa kwamba watu wa Mara ngeli tunazichanganya, na yeye ni mtu wa adabu, akaona si vizuri kumsahihisha afande kwenye ofisi yake. Akamfuata.

"Hapana, sikumwona."

"Alikuwa peke yake?"

"Sijui. Labda wako wengi."

"Uliumia?"

Mama Halina ni mkweli mno. Akajigusa kichwa, akasema ana uvimbe hapa juu, ila hajui umetoka wapi. Afande akautazama, akasikitika, akamwandikia PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, aende hospitali. Tabibu naye akaandika alichokiona: uvimbe mdogo, umesababishwa na kitu butu. Kufika jioni kulikuwa na faili la shambulio, mlalamikaji Halina, mtuhumiwa Kurunzi, na kule Bunda mwenyekiti wa mtaa alishapigiwa simu. Mama akaambiwa kesho afike kituo cha Bunda akaandike maelezo, kwa sababu tukio ni la kule.

Aliporudi na kutuonyesha karatasi, bosi akakaa chini. "Mafuru," akaniambia, "mama kapigwa kweli. Na mimi nilikuwa namdai."

Jumamosi saa nne asubuhi bosi akanipa funguo nimpeleke. Tukaondoka, mimi usukani, yeye pembeni na zawadi za mtoto mapajani. Njiani nikamuuliza, "Mama, ulisikia maumivu wakati huyo Kurunzi anakupiga?"

"Sikusikia lolote, Bwana Mafuru. Ndiyo maana nashangaa."

"Labda alikupiga kwa nyuma."

"Nami nimewaza hivyo."

Tukaenda hivyo mpaka Bunda, watu wawili wazima, tunamsikitikia mtu mmoja na kumlaani mwingine.

Kituoni Bunda tulimkuta Kurunzi.

Yaani tulikuta mzee mmoja kwenye benchi, koti zito, kofia ya sufu, na jogoo mwekundu amefungwa miguu. Pembeni yake mwenyekiti wa mtaa, kijana mnene anayejifuta jasho. Mwenyekiti akasimama haraka. "Afande, tumemleta. Hatukuwa na Kurunzi, ila tuna huyu, Kirunzi. Nikaona herufi moja isije ikachelewesha haki."

"Mimi sijampiga mtu," mzee akasema. "Huyu mama ndio namuona leo. Nimekuja kwa sababu nimeitwa."

"Na jogoo?" afande akauliza. Huyu alikuwa mpelelezi, mtu mwembamba wa kuandika taratibu.

"Jogoo kanishauri mwenyekiti. Kasema kama mgeni kaumizwa kwetu, tusiende mikono mitupu."

Mzee Kirunzi akamgeukia Mama Halina, akamnyooshea jogoo. "Mama, mimi sikukupiga. Lakini kama ulipigwa Bunda, pole. Chukua."

Mama Halina akapokea jogoo. Angefanyaje? Akampakata juu ya zawadi za mtoto. Akamwambia mpelelezi, "Afande, huyu mzee hawezi kuwa kurunzi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mtu."

Mpelelezi akaweka kalamu chini. Akauliza taratibu sana, "Mama, kwani Kurunzi ni nini?"

"Ni ile taa ya mkononi. Ya betri. Nyinyi mnaiita tochi."

Bahati, mlangoni alikuwa amesimama trafiki mmoja wa kike, kaja kuchukua kofia yake. Alianza kucheka kabla yetu sote. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Afande, huyu mama kapigwa tochi! Ya barabarani! Juzi mimi mwenyewe nilimpiga!" Akatoa simu, akatuonyesha picha. Gari la bosi wangu hilo hapo, namba zinasoma, mwendo wa haraka ndani ya alama ya hamsini. Na dirishani umetoka mkono mweupe, unapunga.

"Mwenzangu alimsimamisha mbele," trafiki akasema. "Akampungia, akapita."

"Niliona afande ameinua mkono," Mama Halina akasema, sasa amekuwa mwekundu kama jogoo. "Nilidhani ananisalimu. Nikamrudishia."

Mngedhani yameisha hapo. Na mimi nilidhani. Nilishatazama saa ya ukutani, nikaona saa tisa ya katekista bado tunaiwahi. Lakini mpelelezi, na simlaumu, alikuwa mtu wa kufuata kitu mpaka mwisho. Akamtazama mzee Kirunzi.

"Mzee, kazi yako?"

"Mlinzi. Pale kwenye ghala la pamba."

"Usiku?"

"Usiku."

"Una tochi?"

Mzee akainama, akafungua mkoba wake, akaitoa tochi. Ndefu, ya chuma, ya betri nyingi. Akaiweka mezani kwa kishindo. Wote tukaitazama. Hata jogoo.

"Kitu butu," mwenyekiti akanong'ona.

"Wewe mwenyekiti," mzee akasema, "nikitoka hapa nahamia mtaa mwingine."

Trafiki akasema jamani, acheni hizo, mambo yako wazi. Mpelelezi akasema kwake hayako wazi: faili limefunguliwa Musoma, tabibu ameandika kitu butu, uvimbe upo kichwani anauona. Njia rahisi, akasema, mlalamikaji aandike amesamehe, afunge faili, kila mtu aende.

Mama Halina akachukua kalamu kwa furaha. Mzee Kirunzi akasimama.

"Usinisamehe!"

"Mzee, unasaidiwa," mpelelezi akasema.

"Sitaki. Ukinisamehe, basi nilikupiga. Mimi nina wakwe. Wakisikia nimesamehewa polisi watauliza alifanya nini, na mimi nitajibu nini? Nitasema nilisamehewa bure? Nani anasamehewa bure? Mama, tafadhali, usinisamehe."

Na mimi nawaambia, nilimwona ana haki. Mpelelezi naye alikuwa na haki, faili haliwezi kufungwa kwa kicheko. Akasema kama mzee hataki, wasubiri mkubwa wake, anarudi Jumatatu. Mama Halina aliposikia Jumatatu, akaweka kalamu, akafumba macho. Niliona midomo yake inamwita yule mtoto jina, ambalo ni jina lake mwenyewe.

Hapo ndipo nikakumbuka mlango wa nyuma wa gari.

Lile gari mnalikumbuka, la kijivu. Mlango wake wa nyuma ulikuwaga hausimami. Unauinua, unakaa kidogo kama mtu anayefikiri, halafu unashuka. Sisi madereva tulikuwa na kijiti cha mwarobaini cha kuuegemeza, kiko chini ya kiti. Wageni tuliwaambia, "Huo mlango uangalie." Sasa Mama Halina alipoambiwa auangalie, aliuangalia. Aliniambia baadaye kuwa kila akipakia mizigo aliutazama vizuri, na haukuwa na kasoro yoyote.

Nikamwambia mpelelezi, "Afande, njoo nikuonyeshe kitu butu."

Tukatoka nje wote, na jogoo. Nikauinua mlango. Ukakaa. Mpelelezi akasogea, akaingiza kichwa ndani kuchunguza. "Mbona uko sawa?" akasema. Nilikuwa nafungua mdomo kumjibu. Ukashuka.

Hakupiga kelele. Alitoka taratibu, kofia imekaa upande, akajipapasa. Mama Halina akasogea, akamtazama kichwani, kisha akajigusa yeye mwenyewe. "Ni hapa hapa," akasema.

"Nimeelewa," mpelelezi akasema.

Akarudi ndani, akaandika kwamba uvimbe wa mlalamikaji ulitokana na mlango wa gari, kwamba hakuna mtu aliyempiga mtu, na kwamba mzee Kirunzi alifika kituoni kwa hiari yake kusaidia. Hilo la mwisho mzee aliomba lisomwe mara mbili.

Faini ya tochi ndiyo iliyokuwa kazi ndogo kuliko zote. Laini ya mama haikuwa imesajiliwa kutuma pesa, akanipa taslimu, nikaingiza namba ya malipo kwenye simu yangu, ujumbe ukarudi. Kumfunga jogoo vizuri miguu kulituchukua muda mrefu zaidi.

Maana jogoo naye alikuwa tatizo. Mama Halina alisema hawezi kuondoka na jogoo wa mtu ambaye hakumkosea. Na si hivyo tu, yeye ndiye aliyemkosea, amemtoa mtu kwake akiwa hajalala, akitoka lindo. Kwa hiyo yeye ndiye anayepaswa kutoa kitu. Akatazama huku na huku. Hakuwa na kitu ila nguo za mtoto. Akasimama mbele ya mzee, akasema kwa kile Kiswahili chake, "Mzee wangu, nakuomba radhi kwa usumbufu niliokusababishia. Tafadhali upokee jogoo huyu."

Mzee Kirunzi akapokea jogoo wake kwa mikono miwili. "Ahsante mwanangu," akasema. "Jogoo mzuri."

Halafu akauliza tunaelekea wapi. Kusikia Butiama, akasema ana binti yake kaolewa kule, hajamuona tangu mavuno, na leo hana usingizi tena. Akapanda nyuma, na jogoo, na tochi.

Saa ilikuwa imekwenda. Nikakanyaga mafuta. Kufika kijiji cha kwanza Mama Halina akasema, "Bwana Mafuru, hamsini."

"Mama, tutachelewa."

"Hamsini."

Nikaenda hamsini. Kijiji cha pili, hamsini. Kijana wa pikipiki aliyebeba kitanda na godoro alitupita, akageuka kututazama kama tumebeba maiti. Tukakata kona Makutano saa kumi kasoro, na tulipofika kanisani katekista alikuwa nje, anafunga mlango kwa ufunguo. Mama Bhoke amesimama pembeni na mtoto mgongoni, macho mekundu.

"Mmechelewa," katekista akasema. "Nimeshafundisha, nimeshasali, nimeshafunga. Kesho atasimama mwingine."

"Mwalimu," nikasema, "tulikuwa polisi."

"Ndiyo vizuri mnaniambia. Msimamizi anatoka polisi."

Mama Halina akashuka. Akafungua mdomo aeleze, nikamsikia anaanza, "Nilipigwa ku—" na mimi nikakohoa kwa nguvu zangu zote. Wakati nakohoa, mlango wa nyuma wa pembeni ukafunguka, akashuka mzee Kirunzi na koti lake, jogoo kwapani.

Katekista aliruka hatua nzima nyuma. Akavua kofia. Akatazama chini. Nyie mnajua mtu wa huku na baba mkwe wake: huwezi kumkaribia, huwezi kumtazama usoni, na kugombana na mtu mbele yake ndiyo kabisa.

"Shikamoo, baba," akasema, akitazama viatu vyake.

"Marahaba. Huyu mama nimekuja naye. Kituoni wameandika vizuri kabisa, nimesomewa mara mbili." Mzee akaweka jogoo chini, katikati yao, kwa sababu kumpa mkononi haifai. "Huyo ni wa kwako na binti yangu. Mnafunga nini hapo?"

"Tulikuwa tunafungua, baba," katekista akasema.

Akamfundisha Mama Halina peke yake, mlango wazi, mpaka jua linazama, na yule mama anauliza maswali ya ngeli. Jumapili alisimama na mtoto mikononi, akaitikia kwa sauti kuliko kwaya. Halina mdogo yupo, ameshaanza kutembea.

Kwa hiyo mkinisikia namrudia mgeni, mnivumilie. Sijui kama inasaidia. Pengine namchanganya zaidi. Ila umwambie mlango unashuka, usimwambie auangalie.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Bunda na gari la kijana mmoja wenu, mimi nyuma, mzee Kirunzi mbele. Tumekuwa marafiki, namtembeleaga. Lori likaja, likatuwashia taa mara mbili, dereva akatoa kichwa dirishani akapaza sauti, "Punguza kaka! Kurunzi yupo mbele!"

Wanasema hivyo sasa njia nzima. Yule trafiki wa kike alisimulia, madereva wakalichukua.

Kijana wetu akapunguza. Mzee Kirunzi akashusha kioo, akatoa kichwa chote na kofia ya sufu, akageuka nyuma kulifuata lile lori kwa macho.

"Mwongo mkubwa wewe!" akalipigia kelele. "Kurunzi yupo huku, na hajampiga mtu!"